Nani Atapewa Nafasi Mnarani Siku ya Bonasi?

Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa na mhandisi wa mawasiliano katika baraza la wananchi, Kaunti ya Kericho. Tumeyachapisha kwa ajili ya wakaazi ambao hawakupata nafasi ya kufika.



Nimepewa nusu saa, na nitaanza na siku ambayo kila mtu hapa anaijua, siku bonasi ya chai inapoingia. Asubuhi hiyo karibu kila simu mlimani iko kazini. Mmoja anaangalia salio, mwingine anatoa pesa kwa wakala, mwingine analipa karo au kumtumia mtoto aliye chuoni. Chai nayo haisubiri bonasi, kwa hivyo karani wa kituo anapima majani kama kawaida. Mhudumu wa zahanati anataka kupeleka picha ya kidonda cha mgonjwa kwa daktari wa hospitali ya rufaa. Na chini ya mkaratusi kuna kijana anatazama mpira kwenye simu. Wote hao wanaongea na mnara mmoja, na mnara huo hauna nafasi ya kuwatosha wote kwa wakati mmoja.

Nani apewe kwanza? Hilo ndilo swali la leo. Zamani halikuwa swali la baraza. Lilikuwa la mafundi, na jibu lao lilikuwa rahisi: mnara unawagawia wote waliopo bila kuuliza mpira ni nini na kidonda ni nini. Sasa teknolojia imefika mahali ambapo mwenye mnara anaweza kuuliza. Anaweza kuukata mtandao wake vipande, akampa kiwanda kipande chake, hospitali kipande chake, kampuni ya michezo ya kubahatisha kipande chake, na kila mmoja akawa kama ana mtandao wake mwenyewe ndani ya mnara uleule. Mtindo huo umo katika kanuni za kimataifa za 5G tangu zilipotolewa mwaka 2018. Hapa Kenya, Safaricom ilianza majaribio ya 5G Machi 2021 katika miji ya Nairobi, Kisumu, Kisii na Kakamega, ikafungua huduma kwa wateja Oktoba 2022. Airtel ikafuata Julai 2023. Kisii si mbali na hapa. Kwa hivyo ni afadhali tuzungumze mapema, kabla mikataba haijaandikwa.

Kinachogawanywa ni nini

Watu wengi wakisikia neno masafa wanafikiria umbali. Masafa ya redio ni ile njia isiyoonekana ambayo sauti na picha husafiria kutoka simu yako hadi mnara. Njia hiyo ina upana wake, na upana huo hauongezeki kwa sababu watu wameongezeka. Serikali kupitia Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ndiyo humpa kila mtoa huduma upana wake, na akitumia ambao hakupewa atakuwa amevunja sheria.

Sasa chukua mnara wa 4G wenye upana wa megahezi 20. Mitambo huukata upana huo kuwa vijisehemu 100. Mimi nitaviita matofali, kwa sababu mafundi wetu wanajenga kila siku na mtanielewa. Matofali hayo 100 hugawanywa upya kila milisekunde moja, yaani mara 1,000 kwa sekunde. Ukipata matofali mengi, video yako inakwenda mbio. Ukipata machache, unaona kile kiduara kinazunguka. Ukikosa kabisa, unasema mtandao umepotea, ingawa mnara unauona kwa macho kule juu ya kilima.

Kuna anayesema dawa ni kuongeza minara. Ni kweli, na huku kwetu minara zaidi inahitajika, maana mawimbi hayapendi mabonde na mashamba ya mikaratusi. Lakini mnara ni ghali. Na hata ukiongezwa, siku ya bonasi itafika na utajaa. Kugawana hakuepukiki.

Mwenye nyumba na wapangaji

Wazo la kupanga ndani ya mtandao wa mtu mwingine si geni Kenya. Mwaka 2014 Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa leseni kwa makampuni yasiyokuwa na minara yao. Mojawapo ni Finserve, ya kundi la benki ya Equity, ambayo laini zake tunaziita Equitel. Ukiwa na laini ya Equitel, mnara unaoongea nao ni wa Airtel. Airtel ni mwenye nyumba, Equitel ni mpangaji.

Majirani zetu Rwanda walikwenda mbali zaidi. Kuanzia mwaka 2014, mtandao wa 4G wa nchi nzima ulikuwa wa kampuni moja, KT Rwanda Networks, ubia wa serikali yao na kampuni ya KT ya Korea Kusini. Makampuni mengine yalinunua kwake kwa jumla na kuuza kwa rejareja. Mpango huo wa mwenye nyumba mmoja ulidumu hadi mwaka 2023, makampuni mengine yaliporuhusiwa kuwasha 4G yao wenyewe.

Vipande vya 5G ni upangaji wa namna hiyo, ila mpangaji sasa si lazima awe kampuni ya simu. Anaweza kuwa kiwanda cha chai, hospitali, shirika la umeme au kaunti yenyewe. Na wapangaji wakishakuwa wengi, nyumba moja, bafu moja, hapo ndipo vurugu huanzia. Wengi wenu mmewahi kuishi ploti. Mnajua.

Lori la majani chai

Njia ya kwanza ya kugawa ni kuweka ukuta. Kila mpangaji anapewa idadi yake ya matofali katika kila mnara, na hakuna anayegusa ya mwenzake. Ina sifa moja kubwa: unajua ulicho nacho. Hakuna atakayekunyang'anya hata kelele ziwe namna gani.

Lakini hebu fikirini lori la kiwanda linalopita vituo viwili vya kununulia majani. Tuseme kila kituo kimepewa nusu ya lori, na sharti ni kwamba nusu ya mwenzako huigusi. Leo kituo cha juu kimepata majani mengi, cha chini kimepata kidogo kwa sababu mvua ya mawe ilipiga upande wao wiki iliyopita. Lori litaondoka na nusu yake ikiwa na pengo, huku majani ya kituo cha juu yakibaki yanapata moto kwenye magunia. Kila mkulima hapa anajua majani yaliyopata moto yanafika kiwandani yakiwa takataka. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyekosea, na hasara imepatikana.

Ukuta katika mtandao unaleta hasara hiyohiyo. Usiku matofali ya karani wa kituo yamelala, hakuna anayepima chai saa nne usiku, lakini wagonjwa wapo.

Njia ya pili ni kuondoa ukuta kabisa na kumpa anayelipa zaidi kwa saa ile, kama mnada. Wachumi wengine wanaipenda njia hii, na mimi sikatai kwamba matofali hayatalala. Lakini jiulizeni nani atashinda mnada siku ya bonasi. Siku hiyo kuna wanaojua kwamba mfuko wa mkulima umejaa: wanaokopesha kwa simu, wa michezo ya kubahatisha, wauzaji wa kila aina. Hao watakuwa tayari kulipa mara kumi. Zahanati ya wadi haitakuwa na uwezo huo. Kwa huduma ya umma, mnada mtupu siupendekezi.

Njia ya tatu ndiyo iliyonileta hapa.

Mchezo wa pointi

Kuna tawi la hisabati linaloitwa nadharia ya michezo. Jina lisiwapotoshe, si mambo ya kandanda. Linachunguza watu au makampuni ambayo kila mmoja anatafuta faida yake, na faida yake inategemea wengine wamefanya nini. Mzee anayeuza ng'ombe sokoni yuko katika mchezo wa aina hiyo, na mnunuzi wake pia.

Mwaka 2017 watafiti wanne, Pablo Caballero, Albert Banchs, Gustavo de Veciana na Xavier Costa-Pérez, walichapisha uchambuzi wa kutumia hesabu hizo kugawa mtandao uliokatwa vipande. Utaratibu waliouchunguza ni mwepesi kuueleza. Kila mpangaji ana hisa yake, iliyoandikwa kwenye mkataba. Hisa hiyo anaigeuza kuwa pointi, na pointi zake anazisambaza mwenyewe kwa watumiaji wake walioko kwenye minara mbalimbali. Katika kila mnara, matofali yanagawanywa kwa uwiano wa pointi zilizowekwa pale. Ukiweka robo ya pointi zote za mnara ule, unapata robo ya matofali yake. Basi.

Tufanye hesabu pamoja. Huu ni mfano wangu wa kubuni, sio mnara wowote mnaoujua. Kuna mnara wa juu, mlimani kwenye chai, na mnara wa chini, karibu na soko. Kila mmoja una matofali 100. Wapangaji ni wawili, kipande cha chai na kipande cha afya, na hisa zao ni sawa: kila mmoja ana pointi 100. Chai ina vifaa 100, na 80 viko juu, 20 viko chini. Afya ina vifaa 100 pia, lakini 80 viko chini na 20 viko juu.

Tukiweka ukuta, kila mpangaji anapata matofali 50 juu na 50 chini. Vifaa 80 vya chai kule juu vinabanana kwenye matofali 50, ilhali vifaa vyake 20 vya chini vinaogelea kwenye matofali 50 mengine. Afya ina shida hiyohiyo, kinyume chake.

Tukitumia pointi, na kila mpangaji akaziweka kulingana na vifaa vyake, chai itaweka 80 juu na 20 chini, afya itaweka 20 juu na 80 chini. Kila mnara una pointi 100. Chai inapata matofali 80 juu na 20 chini. Kila kifaa, kiwe cha chai au cha afya, kinapata tofali moja. Hapo kila mtu amefaidika kuliko alivyokuwa ndani ya ukuta, na hakuna mnara ulioongezwa.

Lakini mimi nimekulia katika nchi ya watu, kama ninyi. Mjanja atatokea. Meneja wa kipande cha chai anaangalia na kusema: huku juu afya wameweka pointi 20 tu, kwa nini mimi nimwage 80? Anapunguza hadi 60, na zile 40 anazipeleka chini. Sasa mnara wa juu una pointi 80, zake zikiwa 60, anapata matofali 75. Mnara wa chini una pointi 120, zake zikiwa 40, anapata matofali 33. Alikuwa na matofali 100 kwa jumla, sasa ana 108. Amepoteza kidogo mlimani, amechota zaidi sokoni. Afya imeshuka hadi matofali 92, na hakuna sheria iliyovunjwa.

Je, afya itakaa kimya? Haitakaa. Nayo itapunguza kule ilikokuwa imemwaga pointi nyingi na kuongeza kule chai ilikolegea. Chai itajibu, afya itajibu tena. Ukifuata hesabu hadi mwisho, ukikubali kwamba tofali la kwanza kwa mwenye njaa lina thamani kuliko tofali la hamsini kwa aliyeshiba, mvutano unatulia mahali pamoja: kila mpangaji anaweka pointi kama 67 penye watu wake wengi na 33 kule kwingine. Hapo akisogea peke yake, anapoteza. Kwa hivyo hasogei.

Mahali pa kutulia namna hiyo panaitwa msawazo wa Nash, kwa jina la John Nash, Mmarekani aliyeeleza jambo hilo mwaka 1950 akiwa kijana wa chuo kikuu cha Princeton, na akapewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1994.

Sasa linganisheni. Ukweli mtupu ungetupa 80 kwa 20. Ujanja umetupa 67 kwa 33. Ukuta ulitupa 50 kwa 50. Ubinafsi umetugharimu, hilo halifichiki, lakini hata wajanja wawili wakivutana mpaka mwisho, kila mmoja yuko pazuri kuliko ndani ya ukuta. Na hili si la mfano wangu tu. Watafiti wale walithibitisha kwamba kwa matumizi yanayoweza kuongezeka na kupungua, kama kupakua faili au kutazama video, mpangaji akifika kwenye msawazo hapati pungufu ya kile ambacho ukuta ungempa. Hisa yake inamlinda bila ukuta kujengwa.

Hapo ndipo ninapoiona thamani ya kazi hiyo. Hatumwombi meneja yeyote awe malaika. Kanuni imepangwa ili hata asiye malaika asiweze kumlaza mwenzake njaa. Wazee wa kokwet wakikaa kuamua zamu za maji hawaanzi kwa kuuliza nani ana roho nzuri. Wanaweka zamu.

Mgonjwa hapewi nusu ya ambulensi

Kuna mahali ambapo mchezo huu, peke yake, hautoshi. Video ya mpira ikikosa matofali inapungua ubora, kijana analalamika kidogo na kuendelea. Lakini daktari aliye Kericho mjini akimwongoza mkunga wa zahanati kwa picha ya moja kwa moja, kuna kiwango ambacho picha ikishuka chini yake haina maana tena. Nusu ya picha haimsaidii mama anayejifungua, kama vile nusu ya ambulensi haimfikishi mgonjwa popote.

Kwa matumizi ya namna hiyo, yenye kima cha chini, watafiti walewale walirudi na utafiti mwingine. Walichoonyesha ni kwamba msawazo unapatikana iwapo kuna mlinzi mlangoni, yaani kabla ya kukubali mtumiaji mpya, mtandao uhakikishe hisa ya kipande chake inaweza kuwatosheleza wote waliokwisha kuingia pamoja na huyo mgeni. Pasipo uhakika huo, mtakaa mnanyang'anyana hadi wote mkatike.

Maana yake kwa kaunti ni ya moja kwa moja. Tukitaka kipande cha afya, tujue ni simu ngapi za daktari kwa mgonjwa zitakubaliwa kwa wakati mmoja katika kila mnara, na hisa yetu inatosha ngapi. Mtu akija kutuuzia kipande kwa maneno ya jumla tu, "mtandao wa kasi kwa hospitali zenu zote", tumuulize hesabu ya mnara mmoja mmoja. Akishindwa kuitoa, hana kitu cha kuuza.

Hisa yenyewe inatoka wapi

Hapa naomba mnisikilize kwa makini zaidi, kwa sababu hesabu zote nilizofanya zilianza na sentensi moja niliyoipitia haraka: "hisa zao ni sawa". Nani alisema ni sawa? Mimi, kwa sababu mfano ni wangu. Katika maisha, hisa zitaandikwa na mwenye mnara na wale wanaomlipa. Nadharia ya michezo inaweza kukuambia ugawaji utatulia wapi baada ya hisa kutolewa. Haikuambii nani alistahili hisa gani. Ukimpa mmoja pointi 90 na mwingine 10, mchezo utakwenda vizuri kabisa, utatulia vizuri kabisa, na mwenye 10 atabaki na njaa kwa utaratibu.

Na kuna mtu ambaye sikumtaja kabisa kwenye mfano wangu. Ni mwananchi asiye na kipande. Mama mchuma chai mwenye kabambe, anayetuma pesa kwa kubonyeza nambari. M-Pesa ilianza Machi 2007 kwa simu za namna hiyo, na kwa familia nyingi hapa bado ndiyo benki. Kabambe haijui 5G wala vipande, inatumia mitambo ya zamani mnarani, kwenye masafa ambayo mtoa huduma anaweza kushawishika kuyahamishia kwenye mitambo mipya inayoleta wapangaji wakubwa. Mwenye simu ya kisasa lakini asiye chini ya mpangaji yeyote naye atabaki kwenye ile sehemu ya wote. Wapangaji wakiongezeka na sehemu ya wote haina hisa iliyoandikwa, itakuwa inakula makombo.

Kwa maoni yangu, hilo ndilo jambo la kwanza la kudai, hata kabla ya kipande cha hospitali: sehemu ya wananchi wote iwe mpangaji kamili, yenye hisa yake kwenye karatasi, katika kila mnara, siku ya bonasi kama siku nyingine. Ikiwa na hisa, ile kanuni ya pointi itailinda kama inavyowalinda wengine. Isipokuwa nayo, hakuna hesabu itakayoiokoa.

Kaunti inaweza kufanya nini

Tusidanganyane kuhusu mamlaka. Kwa Jedwali la Nne la Katiba, mawasiliano ya simu ni kazi ya serikali ya kitaifa. Gavana hawezi kutoa masafa, na Bunge la Kaunti haliwezi kumwamuru mtoa huduma agawe matofali vipi. Mwenye sauti hapo ni Mamlaka ya Mawasiliano, na inapotoa rasimu ya kanuni kwa maoni ya umma, kila mkaazi ana haki ya kuandika. Kuandika maoni hakuhitaji digrii. Sentensi moja kwamba kabambe zisiachwe inatosha, ikiletwa na watu wengi.

Lakini afya ya kaunti na kilimo ni kazi za kaunti, na kaunti ni mteja. Mteja anapolipa ana haki ya kuuliza. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa kila mlaji haki ya huduma za ubora unaofaa na habari anazohitaji ili afaidike nazo. Kifungu cha 35 kinawapa ninyi haki ya kuona habari zilizo mikononi mwa serikali, na kuna sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari inayoeleza namna ya kuziomba. Kwa hivyo kaunti ikitia sahihi mkataba wa mtandao kwa zahanati, mnaweza kuuliza: hisa yetu ni kiasi gani, katika minara ipi? Wakati hatuitumii inakwenda kwa nani, na tunairudishiwa baada ya muda gani tukiihitaji? Tukizidiwa, nani anakatwa kwanza? Na nani anayepima, mwenye kuuza au mtu mwingine?

Swali la mwisho hilo wengi hulisahau. Wakulima wa chai hawalisahau. Kilo za majani yako zinapimwa mbele ya macho yako kituoni, unapewa risiti, na bado kuna siku mnagombana na karani. Sasa mtu anakuuzia matofali usiyoyaona, yanayogawanywa mara 1,000 kwa sekunde, anapima mwenyewe na kukuletea ripoti mwisho wa mwezi. Mimi nisingekubali kuuza chai kwa mizani ya namna hiyo.

Viwanda vyetu navyo, vya wakulima wadogo na vya mashamba makubwa, vitafikiwa na wauzaji wa vipande mapema kuliko kaunti, kwa sababu vina pesa na vina mizani za kielektroniki zinazohitaji kutuma rekodi. Wakurugenzi mliowachagua wakikaa mezani kuzungumza mkataba huo, wapeni ujumbe kwamba kuna hospitali na kuna kabambe kwenye mnara huohuo. Mpangaji mkubwa akikubali kanuni ya pointi badala ya ukuta, naye anafaidika. Tumeona kwenye hesabu: kutoka 50 hadi 67 pale penye watu wake, bila kulipa shilingi ya ziada kwa mnara mpya. Si kwamba tunamwomba hisani.

Nimeongea vya kutosha, na naona chifu anaangalia saa. Sasa tuchukue maswali, na naomba tuanze na mama aliye kule nyuma, maana ameinua mkono tangu nilipotaja kabambe.